Tulingojea Puto Jekundu

Kaka yangu Abdulsamad alikuwa na mikono ambayo watu wa Yide Lu, mtaa wa maduka ya jumla Guangzhou, waliijua kuliko sura yake. Mpe midoli, madaftari, sufuria na nguo za soko la Shisanhang, atakufungia robota moja lililonyooka kila upande, lifike bandari ya Huangpu, lipakiwe kwenye kontena, literemshwe Unguja bila kamba hata moja kulegea. Mwaka tisini na tisa ulikuwa ndiyo kwanza unaanza, na wafanyabiashara wetu Guangzhou walikuwa bado wa kuhesabika. Wote walimtaka yeye. Mimi, Fathiya, mdogo wake, nilikuwa nawapikia wafanyabiashara hao hao wali na mchuzi katika chumba cha ghorofa ya nne, na kazi yangu ya pili ilikuwa kumpunguza kaka yangu kichwa kila kilipovimba.

Kilivimba kwa jambo moja tu, ngamia.

Niseme ukweli, alikuwa na haki kidogo. Sisi ni watoto wa mkamua mafuta. Baba alikuwa na kinu cha ufuta uani kwetu mtaa wa Ng'ambo, Unguja, na kinu kilizungushwa na ngamia dume, mwenye nundu moja, aliyefungwa kitambaa machoni asipate kizunguzungu. Tulikua tukisikia mti wa kinu ukilia asubuhi mpaka adhuhuri. Abdulsamad akiwa na miaka minane ndiye aliyekuwa akimpeleka yule ngamia majini, na mpaka leo anapenda kukuambia hivyo hata kama umemuuliza bei ya kamba.

Baba hakuwa msemaji, lakini juu ya ngamia alikuwa na kanuni moja aliyotukaririsha kama tulivyokaririshwa Kurani chuoni. Dume akitoka jasho jeusi kisogoni, msikimbie. Akitoka povu, msikimbie. Siku akitoa puto mdomoni, hapo msimsogelee, awe amekuleeni au hakukuleeni. Na kweli, kila mwaka ulipofika wakati wa dume kutaka majike, kilikuwa kikitoka pembeni mwa mdomo wake kitu laini, chekundu, kama kibofu kilichopulizwa, kikining'inia na kubwabwaja. Baba alimfunga mbali, kinu kikasimama, sisi tukachungulia dirishani. Puto likiisha kurudi ndani, kazi inaendelea. Miaka yote ile hakuumia mtu hata ukucha. Kwa hiyo kanuni ya Baba kwetu haikuwa maoni. Ilikuwa ni jambo lililokwisha pimwa.

Ma Defu tulimjua siku ya Idi, mwezi wa kwanza. Alikuwa Mchina Mwislamu kutoka Gansu, huko kaskazini magharibi kwenye theluji, mtu mfupi mwenye kofia nyeupe na ndevu za kuhesabika. Baada ya sala alitupa salamu kwa Kiarabu, akatucheka jinsi tulivyoshangaa, akatualika chai. Chai tulikwenda kuinywea kiwanjani kwake, penye ghala lililokufa kando ya barabara ya Huangpu. Na pale, amefungwa kwenye nguzo ya zege, alikuwepo ngamia wake.

Abdulsamad alisimama pale pale mlangoni. Miaka thelathini hakuwa ameona ngamia.

Huyu alikuwa wa nundu mbili, mkubwa kuliko wa Baba, miguu mifupi na minene, manyoya ya kahawia marefu shingoni na mapajani kama aliyevaa koti. Ma alimleta kwa lori kutoka kwao. Kila siku alimtembeza hadi ukingo wa mto, watu wakakaa katikati ya nundu wakapigwa picha, na hiyo ndiyo ilikuwa riziki yake, ya mkewe na ya mama yake mgonjwa aliyebaki Gansu. Mwingine angekuwa na duka. Ma alikuwa na ngamia, basi.

Tangu siku hiyo mezani kwangu hapakulika. Abdulsamad alikuwa mwalimu. "Nundu si pipa la maji, yakhe, ni mafuta matupu. Akishiba zinasimama, akikonda zinalala. Maji anayanywa akiyapata, ndoo kumi kwa mkupuo." Mara kope zake safu mbili, mara pua anazozifunga vumbi likija, mara anavyoinua miguu ya upande mmoja kwa pamoja ndiyo maana ukimpanda unayumba. Wateja wangu walikuwa wanataka mchuzi tu, masikini.

"Huyo wa Mchina si kama wa Baba," nilimwambia siku moja. "Ana mbili."

"Ngamia ni ngamia," akanijibu. "Wewe ukipata mtoto wa pili utakuwa mtu mwingine?"

Nilicheka. Jibu lilinipendeza, na mimi pia niliamini hivyo.

Siku kumi baada ya Idi, Ma alipigiwa simu kuwa mama yake yuko mahututi. Mwaka mpya wa Kichina ulikuwa unakaribia, treni zimejaa, tiketi aliipata kwa taabu. Alikuja ghorofani kwangu amevaa koti la safari, akamkabidhi Abdulsamad ufunguo wa kiwanja. Mkewe alikuwa ameshatangulia Gansu. Hakuwa na mtu mwingine wa kumwachia.

Alijaribu kutueleza. Mimi nilikuwa na Kichina cha sokoni, kaka yangu cha kwake kibovu zaidi. Ma alionyesha kalenda ukutani, mwezi huu na ujao, akasaga meno, akatoa macho, akakunja shingo kama mtu anayetaka kuuma. Akachukua ufagio wangu, akaonyesha jinsi ya kusukuma beseni la maji kwa mbali, kwa ncha ya mti. Kisha akainua kiganja. Usiingie. Hilo alilirudia mara tatu.

Abdulsamad alimpiga bega. "Mei wenti, laoban," akasema. Hakuna tatizo, bosi. Neno hilo ndilo la kwanza kulijua sokoni, na aliyekuambia ndiye wa kumchunga zaidi, lakini Ma hakuwa na la kufanya. Alinitazama mimi. Nikatikisa kichwa kumkubalia, nikamfungia vitumbua vya safarini.

Alipotoka kaka yangu aliangua kicheko. "Umeona anavyomwogopa ngamia wake? Anamlisha kwa mti!"

Siku tatu za mwanzo zilikwenda vizuri. Abdulsamad alikuwa akiamka alfajiri, anasali, anapanda basi hadi kiwanjani, anampa nyasi kavu na maji, kisha anarudi mjini kufunga marobota yake. Alirudi ananuka ngamia na anaimba.

Siku ya nne hakuimba.

"Hali," akaniambia.

"Nani hali?"

"Ngamia. Nyasi za jana zipo vilevile."

Nilimwambia labda ameshiba. Siku ya tano nyasi za jana na za juzi zilikuwepo. Siku ya sita nilikwenda mwenyewe, pamoja na Bonaventure, mteja wangu wa Lubumbashi aliyekuwa na gari la kukodi siku hiyo na alikuwa njiani kwenda bandarini. Kulikuwa na ule ukungu wa Guangzhou wa mwezi wa pili, manyunyu yasiyoanguka wala kuacha, na kuta za ghala zilikuwa zinatoka maji. Tulimsikia kabla hatujamwona. Alikuwa anasaga meno. Sauti yenyewe ni ya mtu anayeburura kigae juu ya sakafu, polepole, bila kupumzika.

Alikuwa amesimama, miguu ya nyuma ameitanua. Povu jeupe lilikuwa limemjaa midomoni na kumdondokea kifuani. Kisogoni, nyuma ya masikio, manyoya yalikuwa yamelowa kitu cheusi kama lami, chenye harufu iliyonishika kooni. Alikuwa akikojolea mkia wake kisha akijipiga nao mgongoni, pa, pa, na mkojo ukiturukia. Nundu zake, zile zilizokuwa zimesimama siku ya Idi, moja ilikuwa imeanza kuinama upande. Na alikuwa anatutazama. Popote nilipokwenda, jicho lilikuja nami.

Bonaventure hakutoka mlangoni. "Écoute, sikiliza, Maman Fathiya," akasema, akimwita mnyama nyama kama kwao, "mi naona ile nyama haiko na bugonjwa. Iko na kasirani."

"Kwani Lubumbashi mna ngamia wangapi?" nikamuuliza.

"Hata moja. Lakini kasirani naijua."

Abdulsamad alimsogelea mpaka mwisho wa kamba, mikono nyuma, akamchungulia mdomo kwa makini. Nilijua anatafuta nini. Nami nilikuwa nikitafuta hicho hicho.

"Jasho lipo," akasema akirudi. "Povu lipo. Puto hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Wala dalili. Baba angesema nini?"

Sote wawili tulijua Baba angesema nini, na nilimweleza Bonaventure habari yote ya kinu na puto, kwa majivuno, nikimwona mtu wa bara asiyejua kitu. Bonaventure alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kama baba yetu aliwahi kumwona ngamia wa nundu mbili. Nilikasirika. Nilimwambia twende, bandari itafungwa.

Sasa, kama si puto, basi ni maradhi. Hivyo ndivyo tulivyofikiri. Siku ya saba hakula. Siku ya nane hakula, na nundu ya pili nayo ikalala. Abdulsamad naye alikuwa hali. Alikaa jikoni kwangu akizungusha kikombe. Yule ngamia alikuwa ni amana, na mtu amekwenda kumzika mama yake, maana habari ilikuwa imeshafika kwamba mama amefariki. Akirudi aambiwe nini? Kwamba mtoto wa mkamua mafuta amemuulia ngamia kwa njaa ndani ya siku kumi? Mkewe ale nini?

"Baba alikuwa akimpa mashudu," nikasema.

Aliinua kichwa. Ni kweli. Ngamia wetu akigoma kula, Baba alilowanisha mashudu ya ufuta, yale makapi yanayobaki baada ya mafuta kukamuliwa, akafanya madonge, akayatia mwenyewe mdomoni mwa ngamia, mbali kabisa, kwa mkono. Baada ya donge la tatu huacha kugoma. Kesho yake nilizunguka nyuma ya maduka ya mafuta mpaka nikapata mashudu kilo nne. Nilifurahi kama niliyeokota dhahabu. Niliyalowanisha kwa maji ya vuguvugu, nikatia chumvi, nikayafinyanga. Madonge yale niliyafanya mimi.

Asubuhi ya siku ya kumi tulikwenda tena kwa gari la Bonaventure. Tulipofungua geti ngamia alikuwa amelala, amekaa juu ya kile kigaga kigumu ambacho ngamia huwa nacho kifuani, shingo ameinyoosha ardhini. Hakuwa anasaga meno. Kimya kile kilinipa moyo, nikaona mnyama amechoka, anakwisha, hana nguvu ya kuuma. Nundu zote mbili zilikuwa zimeanguka kama mifuko mitupu.

Abdulsamad alichukua beseni la madonge. Akaenda hatua tano, akasimama. Akaenda nyingine mbili, akasimama tena. Kisha akarudi.

Sijawahi kumwona kaka yangu akirudi kutoka kwa ngamia. Aliniegemea karibu, akasema kwa sauti ndogo ili Bonaventure asisikie:

"Fathiya, mie naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Sijui. Mwili hautaki."

Hapa ndipo ninapoparudia kila siku ya maisha yangu. Ningeweza kumwambia basi, twende, tusukume beseni kwa mti kama alivyosema mwenye mnyama. Mti ulikuwepo, umeegemezwa ukutani, alama za mikono ya Ma ziko juu yake. Lakini nilikuwa nimepoteza siku nzima kutafuta mashudu, nimelowa, nina chakula cha watu kumi na wanne hakijapikwa, na nilimwona ngamia anakufa mbele yangu. Na nilikuwa na hakika. Tatizo langu mimi si woga, ni hakika.

"Puto umeliona?" nikamuuliza.

"Sijaliona."

"Basi nenda. Mtoto wa mkamua mafuta wewe, usinitie aibu mbele ya Mkongo."

Akacheka kidogo. Akavuta pumzi, akasema bismillahi, akaenda. Safari hii hakusimama. Aliinama mbele ya kichwa cha ngamia, akamwita kwa mlio ule ule Baba aliokuwa akiutumia, akachukua donge kwa mkono wa kulia, akamnyooshea.

Ngamia hakunguruma. Hakuinuka hata. Shingo peke yake ndiyo iliyokwenda, upesi kuliko nilivyowahi kuona kitu kikubwa kinakwenda, na mkono wa kaka yangu ukawa ndani mpaka juu ya kiwiko. Nilisikia mfupa. Kisha mnyama akasimama naye. Alimnyanyua kutoka ardhini, mtu mzima wa kilo themanini, akamtikisa kushoto na kulia kama mtu anayekung'uta mkeka, beseni likapaa, akamwachia. Abdulsamad aliangukia mgongo. Ngamia akapiga magoti taratibu, kwa utulivu wa mnyama anayejua kazi yake, akamlalia kwa kifua.

Mimi nilikuwa nimesimama tu. Nilikuwa nalitaja jina la Baba. Sijui kwa nini.

Bonaventure, ambaye kwao hawana ngamia hata mmoja, ndiye aliyeuchukua ule mti wa ukutani na kukimbia. Alimpiga machoni, akampiga puani penye kijiti kinachoshika kamba yake, akapiga na kupiga akipiga kelele kwa Kifaransa, mpaka ngamia akainua shingo kumtazama na kifua kikanyanyuka kidogo. "Vuta, Maman! Vuta!" Ndipo miguu yangu ilipopata akili. Nilimshika kaka yangu vifundo vya miguu nikamvuta. Alikuwa mzito, na matope yalikuwa yanamshikilia, na madonge yangu yalikuwa yametapakaa kila mahali.

Hospitalini walimkata mkono ule ule wa kulia, juu ya kiwiko. Mbavu sita zilikuwa zimevunjika, moja imegusa pafu. Siku nne hatukujua kama ataishi. Siku ya tano alifungua macho, akaniuliza ngamia amekula?

Ma Defu alifika siku ya saba, moja kwa moja kutoka stesheni, bado ana vumbi la kwao viatuni. Alisimama miguuni pa kitanda akalia bila kujificha. Mtu aliyemzika mama yake wiki iliyopita alikuwa na machozi ya kutosha na ya kaka yangu pia.

Nilitaka nijue jambo moja. Nikachukua mfuko mwekundu wa nailoni wa matunda, nikaupuliza, nikauweka pembeni mwa mdomo wangu ukining'inia, nikamwonyesha nundu moja kwa kidole. Wauguzi walinitazama kama mwendawazimu. Ma alinishangaa muda mrefu. Kisha akaelewa. Zamani alivuka mpaka wa magharibi, kule Xinjiang, alikuwa amewaona wale wa nundu moja.

"Wale wanalo," akasema polepole ili nifuate. Akaonyesha vidole viwili. "Hawa, mei you."

Hawana. Neno ambalo kila siku nililisikia madukani nilipotaka saizi isiyokuwepo. Hawana puto, hawajapata kuwa nalo, wala mtoto wao hatakuwa nalo. Tungeweza kungoja mpaka Kiyama.

Nikamuuliza juu ya chakula. Akasema dume wa nundu mbili wakati huo hali, wiki nzima, hata wiki nyingi, anaishi kwa mafuta ya nundu zake, ndiyo maana zinalala. Haumwi. Majira yakipita anakula mwenyewe. Nikayakumbuka madonge yangu yaliyotapakaa matopeni.

Kisha akauliza lile lililokuwa lazima aulize. Aliuliza kwa upole, akimtazama Abdulsamad, mara mimi, mara Bonaventure aliyekuwa dirishani. "Nilimwambia asiingie," akasema. "Mlielewa. Kwa nini aliingia? Nani alimwambia?"

Bonaventure aligeuka akatazama nje. Sijui alisikia nini siku ile kiwanjani, hajawahi kuniambia. Mimi nilifungua mdomo. Naapa niliufungua, na neno lilikuwepo.

"Mimi mwenyewe," akasema Abdulsamad kutoka kitandani, kwa Kichina chake kile kibovu. Akarudia, kwa shida, kwa sababu ya mbavu. "Mimi mwenyewe. Nilijiona najua."

Aliponitazama hakunikonyeza wala kunionya. Alinitazama kama kaka anavyomtazama mdogo wake.

Nikaufunga mdomo.

Tulirudi Unguja mwezi wa tano. Kamba za marobota sasa zinafungwa na wengine, na zinalegea. Watu wakija kumjulia hali wanataka hadithi, naye anawapa, anawachekesha kabisa, mjinga aliyedhani ngamia ni ngamia. Ndani ya hadithi hiyo mimi nimo kama mtu aliyemvuta miguu akamwokoa. Wageni hunitazama kwa heshima. Mchana namkatia samaki, namtolea miba, namfunga vifungo vya kanzu, na kila mara, kila mara, ananiambia ahsante, Fathiya. Na anaisema kwa moyo wake wote.